Tupeane uzoefu: sakafu ya mbao inayolia, kabla ya kulaza mpya juu yake

Bisibisi (Malindi)

Assalaam aleikum jamaa wa ujenzi. Uzi huu ni wa sakafu za mbao zinazolia: vyumba vya juu chini ya makuti, nyumba za wageni zilizojengwa juu ya nguzo, ngazi. Watu wengi huku pwani wakitaka kuweka mbao mpya, lamineti au vinili hufunika ile inayolia, wakitumaini mlio utafia chini. Haufi. Sponji ya kutandika chini ya lamineti haifungi kitu kilicholegea, na ukishafunika, kurekebisha maana yake ni kubomoa mara mbili. Kila anayechangia tafadhali aweke vipimo, maana "funga vizuri" haimsaidii mtu.

Naanza na kutafuta chanzo. Kazi hii ni ya watu wawili, chaki na tochi. Mmoja juu anatembea polepole, akihamisha uzito kutoka kisigino hadi vidole, na kila penye mlio anachora alama. Wa pili yuko chini, ameweka kidole palipokutana ubao na mhimili, yaani mti unaoubeba kwa chini. Kidole husema kuliko sikio, kwa sababu sauti husafiri ndani ya mbao na kutokea mahali pengine.

Kuna hali tatu. Ubao unapanda na kushuka, mhimili umetulia: kuna mwanya kati yao na msumari umelegea. Ubao umeshika, ila kingo za mbao mbili jirani zinasuguana: zimebanwa bila nafasi. Ubao na mhimili vinashuka pamoja: tatizo liko kwenye mhimili wenyewe au ukutani unapoingia. Dawa ya moja haiponyi nyingine, na hapa ndipo pesa nyingi hupotelea, kwa kumwaga skrubu kila mahali kabla ya kujua kinachosugua ni nini na nini.

Ukitaka ushahidi, chomoa msumari mmoja wa zamani uutazame. Shingo yake chini ya kichwa ikiwa imeng'aa kama kijiko, na kwingine kote kuna kutu, hapo ndipo ubao umekuwa ukipanda na kushuka. Tundu lake nalo litakuwa limepanuka, lina unga mwekundu wa kutu na mbao.

Tezo la Matondoni (Lamu)

Shukran Bisibisi. Niongeze kuhusu boriti, kwa sababu maelekezo mengi yanadhani mhimili ni mbao ya pembe nne.

Tuseme wazi kwanza: sakafu ya asili ya Lamu, boriti zilizopangwa karibu karibu, juu mawe ya matumbawe na zege la chokaa, hailii. Ina maradhi yake, lakini si hayo. Inayolia ni ile ambayo mtu amepigilia mbao au plaiwudi moja kwa moja juu ya boriti za mkoko au miti ya mvinje. Mti ni mviringo, ubao ni bapa, kwa hiyo vinagusana kwenye mstari mwembamba mno. Ubao unachezea juu ya mgongo wa boriti kama bembea, na msumari mmoja uliopita hapo unafanya kazi ya kuuzuia peke yake. Isitoshe miti hainyooki: boriti moja iko juu sentimita moja, jirani yake iko chini.

Kabla ya kulaza chochote, vuta uzi kutoka ukuta hadi ukuta juu ya boriti zote. Zilizo juu zichonge kwa tezo mpaka zipate uso bapa wa upana wa sentimita 5 hivi. Usichonge zaidi ya hapo. Unapunguza nguvu ya mti. Zilizo chini ziongezee ukanda wa inchi 2 kwa 2 ubavuni, uso wake wa juu ukifuata uzi, uufunge kwa gundi na skrubu za milimita 80 kila sentimita 30. Ukanda wa ubavuni ni bora kuliko vipande vya kulazwa mgongoni, ambavyo hugeuka kuwa chanzo kipya cha mlio.

Mkoko na mvinje mkavu ni migumu. Toboa kwanza. Kwa skrubu ya milimita 5 tumia keekee ya milimita 3.5. Asiyetoboa atavunja shingo ya skrubu, na skrubu iliyovunjika ndani haishiki kitu ila inabaki kuzuia nyingine isipite hapo.

Skrubu na Gundi (Malindi)

Mimi na hesabu. Chumba cha mita 3 kwa 4, mihimili ya mbao za 6 kwa 2, nafasi ya inchi 16 katikati hadi katikati. Plaiwudi ya milimita 18, futi 8 kwa 4: eneo ni mita za mraba 12 na plaiwudi moja ina karibu 3, kwa hiyo nunua 5, hiyo ya tano ni ya vipande na makosa.

Laza urefu wa plaiwudi ukivuka mihimili, viungo vipishane kama matofali. Kila ncha ifikie katikati ya mhimili, isipofikia, kata. Acha milimita 3 kati ya plaiwudi na plaiwudi, na milimita 10 hadi 12 ukutani. Msumari wa inchi 2 na nusu ukiusimamisha katikati unakupa nafasi hiyo ya 3. Plaiwudi zilizobanwa kabisa zitalia masika ya kwanza zikivimba.

Skrubu: kila sentimita 15 kwenye ncha, kila 30 katikati. Inakuja karibu 45 kwa plaiwudi moja, kwa hiyo 250 kwa chumba hicho. Urefu milimita 60 kwenye saipresi au paini, 50 inatosha kwenye mti mgumu.

Sasa sikilizeni hili, maana ndilo linalowashinda wengi. Tumia skrubu ambayo shingo yake ni laini, meno yako nusu ya chini tu. Skrubu yenye meno mpaka juu hung'ata plaiwudi na mhimili kwa pamoja, na kama kulikuwa na mwanya wa milimita 2 unabaki vilevile, umefungiwa humo. Ndiyo maana mtu anafunga skrubu mia na sakafu bado inalia. Ukikosa zenye shingo laini, pitisha tundu la milimita 5.5 kwenye plaiwudi tu ili meno yasishike pale. Vyovyote vile, simama juu ya ubao pale pale unapofunga.

Zile skrubu nyeusi za jipsamu, usiziguse kwa kazi hii. Ni kavu, zinakatika vichwa sakafu ikicheza, na chumvi ya huku inazimaliza haraka. Chukua stenlesi ukiwa karibu na bahari. La sivyo zilizochovywa zinki ya moto, zile za kijivu kilichofifia. Zinazometameta huwa na zinki nyembamba tu.

Gundi ya ujenzi: mstari wa unene wa milimita 6 juu ya kila mhimili. Chupa ya mililita 300 inakwenda karibu mita 10. Chumba hicho kina mihimili 11 ya mita 3, jumla mita 33, na kwenye viungo unapaka mistari miwili. Weka chupa 5. Joto letu linaikausha uso mapema, kwa hiyo paka sehemu ya plaiwudi moja, laza, funga, ndipo uende nyingine.

Bi Dari (Mkomani, Lamu)

Kaka Skrubu, hesabu safi, ila kwetu plaiwudi nzima haipandi ngazi za nyumba ya mji wa kale. Ikishavuka kwa mashua kutoka Mokowe na kufika mlangoni kwa mkokoteni au punda, mara nyingi inabidi ikatwe futi 4 kwa 4. Basi viungo vinakuwa maradufu, na kila ukingo usio na mhimili chini yake lazima upigiwe kipande cha 4 kwa 2 kati ya mihimili. Bila hicho ukingo unashuka mtu akikanyaga na kusugua wa jirani. Na hakikisheni imefunikwa turubai ndani ya mashua. Plaiwudi iliyorushiwa maji ya chumvi ukingoni huanza kufumuka tabaka.

Sasa hali ya tatu aliyoitaja Bisibisi, boriti inayoshuka yenyewe. Tazameni ncha ndani ya ukuta. Chukua patasi nyembamba, sukuma kwenye boriti sentimita chache kutoka ukutani, upande wa chini. Mti mzima unakataa. Ukiingia kama kwenye muhogo uliochemshwa, ncha imeoza na hakuna skrubu itakayokusaidia. Unahitaji kuegemeza kwa nguzo za muda, kisha ama kubadilisha boriti, ama kuifunga nyingine ubavuni inayofika ukutani pande zote mbili.

Kama ncha ni nzima ila inacheza ndani ya tundu, ipigie kabari za mti mgumu pande mbili na kujaza kwa chokaa na mchanga. Si saruji. Ukuta wa matumbawe unapumua kwa chokaa. Saruji inafungia unyevu na mti unaozea humo humo. Na aliye ndani ya Mji wa Kale wa Lamu, ulioingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2001, aulize kwanza ofisi ya Makumbusho ya Taifa kabla ya kuondoa boriti ya zamani.

Mgeni wa Sakafu (Malindi)

Swali kwa mafundi: kama chini kunafikika, na ubao wa juu ni mzuri hutaki kuutoboa, je? Na poda ya mtoto inasaidia?

Tezo la Matondoni (Lamu)

Poda inasaidia kwa kingo zinazosuguana tu, na kwa muda. Ukikusudia kufunika, usiitumie kabisa, kwa sababu inazuia gundi kushika baadaye. Kingo zinazosuguana zipitishie msumeno mwembamba katikati zipate nafasi.

Kwa kutoka chini, dawa ni kabari. Ichonge kutoka mbao kavu ya mvule au msaji, urefu sentimita 15, unene kuanzia sifuri hadi milimita 6. Paka gundi ya mbao pande zote mbili, isukume kwa mkono mpaka ikatae, kisha gonga mara moja au mbili nyepesi. Ishia hapo. Anayeendelea kupiga nyundo anainua ubao, na kuung'oa kwenye mhimili wa pili. Mlio unahamia huko. Mwanya ukiwa mrefu kuliko kiganja, acha kabari. Tumia ukanda wa 2 kwa 2 wenye gundi juu, ubane juu dhidi ya ubao huku mwenzio amesimama, halafu uufunge kwenye mhimili kwa ubavuni.

Mvinje Mkavu (Malindi)

Hamjagusa hali ya hewa, na ndiyo inayolegeza misumari. Mbao za saipresi zinazoshushwa yadini mara nyingi bado ni mbichi. Ukizipigilia masika, kaskazi ikifika zinapungua unene na upana, kichwa cha msumari kinabaki pale pale, mwanya umezaliwa. Zipangeni kwa vijiti katikati, chini ya kivuli chenye upepo, wiki kadhaa. Mwenye kipima unyevu: kwa mbao nyembamba za sakafu, tofauti kati ya unyevu wake na wa sakafu ya chini yake isizidi asilimia 4, kwa pana kuliko inchi 3, isizidi 2. Mbao mpya zikae ndani ya chumba chenyewe kabla ya kulazwa.

Na mkiwa mmefungua, gongeni mihimili. Sauti ya tupu, au njia za udongo ubavuni, ni mchwa. Malizeni hao kwanza.

Skrubu na Gundi (Malindi)

La mwisho kwa sasa. Gundi ikishakaa siku mbili au tatu, tembeeni tena asubuhi na tena alasiri, chumba kikiwa na joto. Lazeni rula ndefu ya mita 3: bonde lisizidi milimita 5. Vichwa vya skrubu viwe vimezama, na chini ya vinili vijazwe na kupigwa msasa, vinginevyo vitaonekana kimoja kimoja. Anayetaka vigae apime kwanza: mhimili wa mita 3 usipinde zaidi ya milimita 8 chini ya mzigo, yaani urefu gawanya kwa 360. Ukipinda zaidi, ongeza mihimili au achana na vigae.

Halafu kabla ya kufunika, chora mistari ya mihimili yote, laza futi sakafuni kutoka ukutani, upige picha. Atakayefunga kabati au mlango hapo baadaye atajua pa kutoboa bila kubahatisha.