Kuvutwa na haski Nakuru: mkanda, baiskeli au skuta?

Kiamunyi_Juu:
Wadau, habari za asubuhi. Nina haski dume (mbwa wa kuvuta sleji), miezi 20, kilo 24, yuko Nakuru. Aprili nitakuwa Norwe na nataka kujaribu ski, vile vibao virefu vya miguuni vya kutelezea, nikivutwa na mbwa kwenye theluji ngumu ya machipuko. Kabla ya hapo nijifunze kuvutwa kwenye murram ya huku. Nimebaki na njia tatu: kukimbia na mkanda wa nyonga uliofungwa kamba ya mbwa, baiskeli ya milima, au skuta ya kusukuma kwa mguu. Ipi inafanana na ski, na ipi haitamuumiza mbwa?

Menengai_Polepole:
Mkanda. Kwenye ski kamba hutoka kwa mbwa ikipanda hadi nyonga zako, na ukikimbia ni vivyo hivyo, kwa hiyo mwili unazoea kukaa chini kidogo, magoti yamelegea. Skuta mvuto wake uko chini na uzito wako wanaubeba magurudumu. Ni nzuri, ila haikufundishi hilo.

Mkanda uwe mpana, ulale kwenye makalio, na uwe na vitanzi vya mapajani vya kuuzuia usipande. Ukipanda hadi kiunoni penyewe, mgongo utakusema kesho yake. Kamba isizidi mita 2 ikivutika.

Kwenye hanesi, yaani mikanda anayovaa mbwa mwilini ili avute, ndiko watu wanakopoteza pesa. Ile ndefu yenye msalaba mgongoni imeshonewa sleji (gari la kuteleza kwenye theluji), ambapo kamba iko chini nyuma ya mkia. Ukiiunganisha na mkanda wa mtu, nyuma inainuliwa, mikanda ya ubavuni inalegea na hanesi nzima inayumba. Chukua fupi inayoishia mbavuni. Vidole viwili vipite shingoni, na isiguse koo mbwa akiinamisha kichwa kuvuta.

Blada_na_Spana:
Mkuu hapo juu yuko sawa kuhusu hanesi, lakini mbio za miguu hazikufundishi kasi. Baiskeli inakufundisha, kwa masharti. Kamba isifungwe kwenye usukani: mbwa akimwona mbuzi na kukata kona, anaugeuza usukani na wewe unatangulia chini. Ifunge kwenye shingo ya fremu, halafu uipitishe ndani ya paipu ya PVC ya nusu inchi iliyotokeza sentimita 60 hivi mbele. Bila paipu, mbwa akipunguza mwendo kamba inalegea na kuingia gurudumu la mbele.

Kwa sehemu ya kamba inayonyumbuka, blada ile ya kufungia mizigo ya boda inatosha. Ubaya wake haina kikomo, inavutika hadi ikatike. Chukua blada ya sentimita 60, iingize ndani ya utepe wa nailoni wenye uwazi ndani, urefu sentimita 90, shona ncha zote mbili pamoja na blada. Utepe ukinyooka, mvuto unaishia hapo.

Dunga_Ufukweni:
Mnabishana kuhusu kamba, na mimi naangalia kipimajoto. Mbwa hupoa kwa kuhema, na hewa ikiwa na unyevu kuhema hakumsaidii sana. Wengi wa mchezo huu huacha mvuto mzito hewa ikifika kama nyuzi 15. Nakuru alfajiri huwa karibu 10 hadi 12, basi kuna nafasi hadi kama saa moja asubuhi. Huku Kisumu alfajiri yenyewe ni 17 au 18, na unyevu wa ziwa juu yake. Haski wa huku atembezwe tu. Tena msimnyoe eti apate hewa, manyoya hayo ndiyo yanamkinga na jua.

Ulimi ukipanuka nchani kama mwiko, ufizi ukiwa mwekundu mno au akianza kuyumba, simama. Mmwagie maji mwili mzima pamoja na tumbo, hapo hapo, ndipo utafute daktari wa mifugo. Chakula kizito apewe jioni iliyotangulia. Masaa mawili kabla ya mbio mpe maji yenye mchuzi kidogo wa nyama, usiotiwa kitunguu.

Kaptagat_Baridi:
Kuhusu Norwe. Theluji ya machipuko huyeyuka mchana na kuganda usiku. Asubuhi ganda lake linabeba mtu na mbwa, jua likipanda linalegea na mguu wa mbwa unatoboa, kingo za ganda zinamchuna juu ya nyayo. Kwa hiyo viatu vya mbwa, na mmalize mapema. Chembe zake ni kama chumvi ya mawe, zinasugua katikati ya vidole.

Ski ziwe zisizo na kingo za chuma, maana zikimpata mbwa mguuni zinamkata. Ila sasa huna cha kung'ata barafu, na ile mbinu ya kukutanisha ncha za ski kufunga breki inashika kidogo sana. Ndiyo maana mgeni aanze na mbwa mmoja, mahali tambarare, na kifungo cha kamba kiwe cha kufyatua kwa mkono mmoja. Kijaribu kikiwa kimevutwa, si kikiwa kimelegea.

Kiamunyi_Juu:
Asanteni. Basi naanza na mkanda, kilomita ngapi?

Menengai_Polepole:
Moja, mara tatu kwa wiki, mkichanganya kutembea na kukimbia. Ongeza nusu kila wiki hadi 4. Kila mkirudi mkague vidole kwa miba, na masikio kwa kupe.

Amri pia mwanzishie sasa. "Kulia" na "kushoto" zinaanza sawa, mbwa anasikia "ku" na kuchagua mwenyewe. Tumia "lia" na "shoto". Majirani watashangaa kwa nini unamwamuru mbwa alie, wazoee.