Linux ya kubeba kwenye flashi: faida yake ni wepesi tu, au moduli nazo zina maana?

Mpita_Njia aliuliza:

Ndugu wataalamu, kwa siku moja hutumia kompyuta tatu, na mbili kati ya hizo si zangu, kwa hiyo siruhusiwi kusakinisha chochote kwenye diski zake. Ya tatu ni yangu, lakini ni kuukuu, ina RAM ya GB 2 na diski inayosuasua. Nimesoma kuhusu mifumo endeshi midogo ya Linux kama Slax, Porteus, Puppy Linux na Tiny Core. Suala la wepesi nimelielewa, na la kubebeka halihitaji maelezo. Lisiloniingia akilini ni neno moduli. Ikiwa ninaweza kusakinisha Debian ya kawaida, yaani Linux kamili isiyo ya moduli, moja kwa moja kwenye flashi na kutembea nayo, huo mgawanyo wa moduli utaniongezea nini?

Karani_wa_Kerneli alijibu:

Watu wengi huvutiwa na udogo, kwa mfano Tiny Core ambayo picha yake yenye mazingira ya madirisha haifiki MB 30, wakadhani kwamba hapo ndipo faida ilipoishia. Kwa maoni yangu udogo ni jambo la pili. La kwanza ni kwamba kiini cha mfumo hakiandikwi kamwe.

Ukifungua flashi yenye Slax hukuti maelfu ya mafaili ya mfumo yaliyotawanyika, bali unakuta mafaili machache makubwa yenye kiambishi .sb. Kila moja ndiyo hiyo moduli unayoiulizia: kifurushi kilichobanwa kwa squashfs, yaani mfumo wa mafaili wa kusoma tu, ambao uliingizwa rasmi katika kerneli ya Linux (programu ya msingi inayoendesha vifaa vya kompyuta) toleo la 2.6.29 mwaka 2009. Kompyuta inapowaka, vifurushi hivyo hupangwa kimoja juu ya kingine mithili ya karatasi angavu, nawe unaona picha moja tu iliyokamilika. Juu kabisa huwekwa tabaka moja linaloandikika. Ukibadilisha faili la mipangilio, nakala yake hupanda kwenye tabaka hilo la juu na kubadilishwa huko, ilhali faili la asili linabaki chini bila kuguswa; na ukilifuta, mfumo huweka tu alama ya kulificha.

Hapo ndipo Debian yako ya kawaida inapoachwa nyuma. Ukiiharibu mipangilio hadi skrini isiwake, kwenye mfumo wa moduli unawasha upya bila tabaka la juu na kila kitu kinarudi kilivyokuwa siku ya kwanza. Programu iliyokuja kama moduli ikikuchosha, unaliondoa faili lake moja nayo inatoweka bila kuacha mabaki. Tena, kwa kuwa data imebanwa, kichakato husoma baiti chache kutoka kwenye flashi ya polepole kisha kuzifungua ndani ya kumbukumbu, jambo ambalo mara nyingi huwa la haraka kuliko kusoma mafaili madogo madogo ambayo hayakubanwa.

Mkaguzi64 alijibu:

Nakubaliana na mwenzangu, ila amesifu upande mmoja wa sarafu. Kiini kisichoandikwa ni kiini kisichosasishwa. Ukiendesha masasisho ya kawaida ndani ya mfumo wa aina hii, vifurushi vipya hurundikana kwenye tabaka la juu huku vile vya zamani vikiendelea kukaa chini, hivyo unalipia nafasi mara mbili. Kerneli nayo huwashwa kutoka kwenye folda iliyo nje ya matabaka, kwa hiyo ile uliyoisasisha ndani haitatumika. Njia safi ni kupakua toleo jipya zima na kubadilisha moduli za msingi, na baada ya hapo moduli zako za nyongeza zinaweza kugoma kwa kukosa maktaba (mafaili ya pamoja ambayo programu huyategemea) zinazolingana nazo.

Pia usitarajie muujiza kwenye GB 2. Mfumo wenyewe utatumia kumbukumbu kidogo sana, lakini kivinjari ndicho mlaji mkubwa, na hakuna Linux inayoweza kuzifanya tovuti ziwe nyepesi. Na kwenye hizo kompyuta mbili omba ruhusa ya kuwasha kutoka kwenye flashi, maana kutosakinisha hakumaanishi kuwa umeruhusiwa.

Mpita_Njia aliandika:

Ruhusa ninayo, ahsanteni. Nimebakiwa na jambo moja: nimeona chaguo la kuupakia mfumo wote ndani ya RAM. Je, linafaa kwa GB 2, na kazi zangu zitahifadhiwa wapi?

Karani_wa_Kerneli alijibu:

Linawezekana, kwa sababu moduli hubaki zimebanwa hata zikiwa ndani ya RAM, hivyo nafasi zinayochukua ni ule ukubwa unaouona kwenye flashi. Faida yake ni kasi, na kwamba unaweza kuichomoa flashi baada ya kuwasha. Hasara ni kwamba mabadiliko yote yanayokaa kwenye RAM hupotea unapozima, basi nyaraka zako ziandikie kwenye flashi yenyewe au kwingineko kunakodumu. Tiny Core imelifanya hili kuwa desturi: mfumo huanza upya kila mara, na wakati wa kuzima huhifadhi yale tu uliyoyaorodhesha.

Kwa mashine yenye GB 2 mimi ningeacha chaguo hilo, nikahifadhi mabadiliko kwenye flashi iliyoumbizwa kwa ext4, mpangilio wa mafaili wa Linux yenyewe. FAT32, mpangilio unaokutwa kwenye flashi nyingi, haitunzi ruhusa za mafaili ya Linux wala viungo vyake (mafaili yanayoelekeza kwenye mengine), na faili moja haliwezi kufikia GB 4, ndiyo maana mifumo hii ikikuta FAT hulazimika kuyafungia mabadiliko ndani ya faili maalumu.

Mkaguzi64 alijibu:

Nyongeza ndogo. Ukishasakinisha programu na kuridhika na mipangilio, tumia amri ya savechanges iliyomo ndani ya Slax ili tabaka la juu liwe moduli, kisha liweke kando ya zile nyingine na uanze na tabaka tupu. Kabla ya kufanya hivyo ondoa nyaraka binafsi na manenosiri yaliyohifadhiwa kwenye kivinjari, kwa sababu nayo yatafungwa humo, na moduli hiyo haina kufuli.