Kolestro ya mzee imeshuka yenyewe ila daktari anataka apimwe utumbo, kuna uhusiano gani?

Binti_Ujiji
Habari za jioni wakuu, wakubwa shikamooni. Naombeni msaada maana nyumbani hatuelewani. Baba yangu ana miaka 61, tupo Kigoma hapa Ujiji. Mwaka jana alipima kolestro ikaja 6.9, akapewa dawa, akameza wiki mbili akaacha akasema zinamuumiza miguu. Juzi kapima tena imekuja 4.2, mzee furaha tele, anatuambia mmeona, mawese nimekula, migebuka ya kukaanga nimekula na imeshuka bila dawa zenu. Lakini daktari hakufurahi. Kapima wingi wa damu ni 8.1, kamuuliza habari za choo, mzee kwa aibu ndo anasema huwa anaona damu kidogo kama miezi mitano sasa ila ni bawasiri yake ya siku zote. Na kukonda kweli kakonda, mkanda kaongeza matundu mawili. Kaandikiwa rufaa hospitali ya Bugando, Mwanza, akaangaliwe utumbo mpana kwa kamera, kagoma, anasema nimepona kolestro sasa mnanitafutia kansa. Kwani hivi vitu vinahusiana? Na mawese ndo chanzo? Maana shangazi kashamwaga dumu zima.

Kaka_wa_Mwandiga
Pole sana dada. Mi nlisikia mawese yamejaa kolestro, shangazi yuko sahihi tu. Ila kama imeshuka si ndo vizuri? Mwacheni mzee apumzike kwanza.

Tabibu_Kasulu
Kaka hapana, hapo unampoteza binti wa watu.

Binti pole, na mzee mpe shikamoo yangu. Tuanze na dumu la shangazi. Mawese yanatoka kwenye mchikichi, kolestro tunayokula inatoka kwa wanyama yaani nyama, mayai, maziwa, samaki. Ubaya wa mawese ni kwamba karibu nusu yake ni yale mafuta yanayoganda na hayo ndo yanapandisha kolestro mbaya kwenye damu, kwahiyo kwa ajili ya moyo apunguze. Ila kusema mawese yamempa kansa hapana, tena hiyo kansa yenyewe hakuna aliyeiona bado.

Uhusiano upo ila unazunguka. Ini linachukua kolestro linatengenezea nyongo, nyongo inashuka kusaidia kusaga mafuta ya chakula, ikimaliza kazi kama asilimia 95 inafyonzwa mwishoni mwa utumbo mdogo inarudi kwenye ini. Kinachobaki kinaingia utumbo mpana, bakteria wa huko wanakigeuza kinakuwa kikali zaidi, na kikikaa kinauchokoza ule utando wa ndani miaka na miaka kinaweza kuchangia vinyama kuota na baadhi ya vinyama ndo huja kuwa kansa, mara nyingi baada ya miaka kama 10. Anayekula mafuta mengi anamwaga nyongo nyingi. Anayekula maharage, mboga na dona choo chake hakikai sana.

Sasa swali lako lenyewe, na hapa ndo naomba mzee anisikie. Kolestro kushuka bila dawa, bila kubadili chakula, huku mtu anakonda, hiyo siyo kupona. Jambo hili liliwasumbua watafiti miaka ya 70 na 80, waliona watu wenye kansa ya utumbo wengi kolestro yao iko chini, wengine wakaogopa kwamba kuishusha ndo kunaleta kansa. Walivyofuatilia kwa miaka ikaonekana mara nyingi ni kinyume chake, ugonjwa unakuwa umeshaanza kimyakimya na wenyewe ndo unaivuta kolestro chini. Kwahiyo hiyo 4.2 haimwambii daktari kwamba ana kansa, wala haimwambii kwamba hana. Kinachomtisha daktari ni 8.1. Mwanaume wa miaka 61 akipungukiwa damu lazima ijulikane inavujia wapi. Inaweza kuwa bawasiri kweli, inaweza kuwa kidonda, minyoo, vinyama visivyo na shida. Lakini hayo huwezi kuyajua ukiwa umekaa Ujiji, mpaka aangaliwe.

Mama_Rehema_Tbr
Nawasalimu kutoka Tabora. Binti usimwache baba yako jamani. Mama yangu alikuwa na hiyo hiyo "bawasiri", tukapaka dawa, tukanywa za miti, mwaka mzima, mara choo kigumu mara kinaharisha na sisi tunasema ni chakula tu. Alipokuja kuangaliwa utumbo ulikuwa umeshaziba nusu. Alifanyiwa upasuaji na mpaka leo yuko hai namshukuru Mungu, ila daktari alituambia mngekuja mapema lisingekuwa jambo kubwa hivi. Inaniuma kila nikikumbuka. Na baba wa watu wanaona aibu kusemea choo mbele ya watoto, mtafute mzee mwenzake aongee naye.

Mchikichi85
Tabibu umenikumbusha Denis Burkitt, yule daktari mpasuaji aliyefanya kazi Uganda. Mwaka 1971 aliandika kwamba kansa ya utumbo ilikuwa adimu huku kwetu kwa sababu ya vyakula vyenye nyuzinyuzi. Halafu 2015 yakatoka majibu ya utafiti, Wamarekani weusi 20 na watu 20 wa vijijini Afrika Kusini wakabadilishana chakula wiki mbili tu, hawa wakala cha wale. Wamarekani ile nyongo iliyogeuzwa ikapungua na utumbo ukatulia, wenzetu ikapanda. Wiki mbili! Na sisi mjini tunaacha ugali wa muhogo na maharage tunakimbilia chipsi na soseji kila siku, wakati nyama za kusindikwa WHO walishasema zinaleta kansa ya utumbo.

Binti_Ujiji
Asanteni sana, nimelia kidogo kwa mama Rehema. Nimempigia baba mkubwa jana akaja wakaongea barazani wawili tu, sijui walisema nini ila mzee ametoka kasema sawa tarehe nyingine atakwenda, mi nikamwambia hamna tarehe nyingine baba, tiketi nimekata, Alhamisi tunapita Nyakanazi na daraja la Busisi mchana tupo Mwanza au usiku huo huo. Tabibu, amepewa vidonge vya kuongeza damu, aendelee navyo? Na nimwandalie chakula gani njiani?

Tabibu_Kasulu
Umefanya vizuri sana binti. Vidonge vya madini ya chuma piga simu uwaulize, kwa kawaida vinasimamishwa kama wiki moja kabla maana vinafanya choo kiwe cheusi na kamera haioni vizuri, ila asiache kabla hajaambiwa na wanaompima. Siku ya kabla ya kipimo anakuwa na vitu vya maji tu, uji mwepesi usio na punje wakiruhusu, supu iliyochujwa, chai ya rangi. Watampa dawa ya kusafisha tumbo, ataharisha sana, fikieni sehemu yenye choo karibu na umpe maji ya kutosha. Beba yale majibu yote, ya mwaka jana pia, ile 6.9 usiiache nyumbani.