Mdogo wangu halali na wala hachoki: ni bipola au kitu kingine?

Binti Ngamiani:
Habari za jioni jamani. Tupo Ngamiani, Tanga mjini. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 23. Miezi miwili alijifungia ndani, hali chakula, haongei, kazini haendi. Zahanati wakampa amitriptilini. Sasa kageuka: analala masaa mawili, anaongea mpaka sauti imekauka, pikipiki kaiuza kwa bei ya kutupa, na kachukua mikopo mitatu ya simu. Bibi anasema kapandisha, aitiwe mtu amsomee. Wenzake wanasema bangi. Nitajuaje?

Nesi wa Chumbageni:
Dada, bipola ni ugonjwa wa mtu kuzama chini kwa sonona, yaani huzuni nzito, na wakati mwingine kurushwa juu kwa mania, yaani uchangamfu uliopitiliza. Anza na usingizi. Aliyekosa usingizi kwa mawazo huamka macho mazito, mwili umelegea. Mwenye mania hulala masaa mawili, saa tisa usiku yuko uani anafua, na mchana hasinzii.

Kisha hesabu siku. Hali hiyo ikidumu siku 4 au zaidi bila kuvuruga maisha yake, ni mania ndogo. Ikifika wiki 1, au ikibidi alazwe hata kabla ya hapo, ni mania kamili. Sonona nayo huhesabiwa kuanzia wiki 2. Kwa hiyo anayenuna asubuhi na kucheka jioni msimbandike ugonjwa huu.

Kinachonitia shaka zaidi ni hiyo amitriptilini. Dawa ya sonona ikitolewa peke yake kwa mwenye bipola inaweza kumrusha juu. Wagonjwa wengi hufika zahanati wakiwa chini, na hakuna anayewauliza kama waliwahi kuchangamka kupita kiasi. Bebeni pakiti yake muende hospitali ya Bombo kesho asubuhi, msisubiri wiki iishe. Andikeni tarehe aliyoanza dawa na tarehe usingizi ulipopotea. Daktari ndiye atakayeamua kuisimamisha.

Pwani Moja:
Bangi inaweza kuleta sura hiyohiyo, na mirungi pia, kwa hiyo mwambieni daktari ukweli bila kumsitiri kijana. Akiwa na homa, shingo imekakamaa, au hajui yuko wapi, hiyo ni dharura: apelekwe usiku huohuo, apimwe malaria na sukari. Vinginevyo ombeni kipimo cha VVU na cha tezi ya shingo.

Bibi msimnyime kisomo chake. Ila kisomo kiwe mchana. Ngoma ya kukesha inamnyima usingizi, na kukosa usingizi kunazidisha mania. Kumfunga kamba hapana kabisa.

Binti Ngamiani:
Ahsanteni. Tatizo anasema haumwi, sisi ndio wagonjwa.

Nesi wa Chumbageni:
Ndivyo mania ilivyo, wengi hawajioni. Usibishane naye kuhusu mipango yake. Mwambie "usingizi umekukimbia, twende tukatafute dawa", na hilo si uongo. Aongozane na mtu anayemstahi, mjomba au mwalimu wake wa madrasa. Laini ya simu, kadi ya benki na funguo za pikipiki ya jirani ziwe mbali naye.

Muulizeni pia waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpi wazo hilo. Akianza kulia huku hatulii, hapo ndipo penye hatari kubwa, maana huzuni imepata nguvu ya kutenda. Sumu ya panya na dawa zote zifungiwe, na asiachwe peke yake.

Pwani Moja:
Nyongeza kuhusu dawa. Akipewa lithiamu, dawa ya kutuliza bipola, damu hupimwa masaa 12 baada ya dozi ya mwisho. Diklofenaki na ibuprofeni, dawa za maumivu ambazo kila duka la dawa linauza, huipandisha lithiamu kwenye damu, na kuishiwa maji vilevile, kwa hiyo suala la kufunga azungumze na daktari kabla ya Ramadhani. Akianza kutetemeka sana, kutapika na kuyumba, asimeze dozi inayofuata, arudi hospitali mara moja. Kwa akina dada wanaosoma hapa: kuna dawa nyingine mbili za bipola, kabamazepini na valproeti. Kabamazepini hupunguza nguvu ya vidonge na vipandikizi vya uzazi wa mpango, na valproeti ni hatari kwa mimba.