Ushauri: Mpiga picha wa harusi nataka siku kumi hifadhi za Mikumi na Ruaha, kalenda inanikatalia

Kanda_ya_Shingo:
Wakubwa shikamooni, wengine habari za majukumu.

Napiga picha za harusi hapa Morogoro, mwaka wa nane huu. Jumamosi kanisani, saluni, bustanini, ukumbini mpaka saa nane usiku. Jumapili nachambua picha macho mekundu. Jumatatu asubuhi bibi harusi ananipigia: "Kaka, albamu vipi?" Sijapiga picha hata moja kwa raha yangu tangu sijui lini. Kila nikienda Iringa kikazi basi linakatiza Mikumi, nawaona twiga dirishani kama abiria mwingine, kamera imelala kwenye begi miguuni.

Sasa nataka siku kumi: Mikumi, nipande mlima Kitonga mpaka Iringa, niingie Ruaha. Tatizo ni hili. Ninapokosa kazi ni Kwaresima, na miaka hii Ramadhani imeangukia humohumo. Lakini hapo ndipo mvua inaponyesha. Kiangazi wanyama wanapojaa kwenye maji, Julai mpaka Oktoba, mimi nimejaa sendofu, na kianzio cha watu nimeshakula.

Gari ni Noah. Lenzi ndefu niliyonayo ni ya milimita 70-200, ila kuna mtu ananiuzia 150-600 iliyotumika kwa bei ya ada ya mihula miwili. Nishaurini.

Mzee_wa_Kona:
Shemeji amesemaje kuhusu hiyo ada? Tuanzie hapo.

Ndorobo:
Mkuu, naendesha watalii kusini huku. Noah kiangazi Mikumi utatamba nayo njia kubwa za ndani. Masika usithubutu: uwanda wa Mkata ni udongo mweusi, ukinasa unakaa hapo ukisubiri huruma ya wenzako, na kushuka kusukuma kwenye majani marefu ya simba sikushauri. Ruaha iache Noah Tungamalenga, kijijini kabla ya geti, changa na wenzako mkodi Land Cruiser.

Nguo za bluu na nyeusi ziache nyumbani, mbung'o wanazipenda kuliko wewe unavyompenda twiga. Drone nayo iache, bila kibali utaishia ofisini kwa askari. Na kwenye ile lami ya Mikumi, kilomita 50 hivi za hifadhi, mwendo mwisho ni kilomita 70 kwa saa mchana na 50 usiku. Ukimgonga mnyama unamlipia, na usisimame ukashuka kupiga picha.

Lenzi_Chakavu:
Usinunue! Mimi nilinunua kama hiyo kwa mkopo, leo imejaa ukungu kabatini kwa sababu harusini haina kazi. Kodi siku unazohitaji. Halafu wengi hawasemi hili: kuanzia saa nne asubuhi ardhi inachemka, hewa inacheza, simba wa mbali anatoka kama umempiga kupitia moshi. Hakuna lenzi inayotibu hilo, dawa ni kumsogelea au kumpiga alfajiri. Shona mfuko wa kitambaa, jaza mchele kilo mbili, weka dirishani, laza lenzi juu, zima injini. Mwisho wa safari unapika.

Mama_Albamu:
Mdogo wangu, nani amekwambia siku kumi lazima zifuatane? Nina studio miaka 15, harusi zangu ni Ijumaa mpaka Jumapili. Wewe unakaa Morogoro, Mikumi unafika kabla chai haijapoa! Ingia Jumatatu saa nane mchana na ulale ndani ya hifadhi. Kwa anayelala ndani kibali kinahesabiwa saa 24, kwa hiyo kiingilio kimoja kinakupa jua la jioni na la alfajiri, unatoka Jumanne mchana. Rudia mara tatu kiangazi hiki, hujamgusa bibi harusi wa mtu. Kuchambua picha mpe kijana, mlipe. Hapo ndipo siku zako zinapoliwa, wala si ukumbini.

Kiingilio lipia mapema kwa namba ya malipo, getini usitegemee noti.

Kijani_Kibichi:
Mama kasema vema kwa Mikumi, ila Ruaha napingana nanyi wote. Kiangazi mto unakatika, vinabaki vidimbwi, tembo wanachimba mchanga wapate maji. Ni kweli inapendeza, na kila mtu anayo picha hiyo. Mimi nilikwenda mvua za mwanzo: mibuyu ina majani, wingu jeusi nyuma, ndege wa kila rangi. Simba sikumwona hata mmoja. Picha nilizotundika sebuleni zote ni za safari ile.

Ndorobo:
Kijani hajakosea, ila ni mvua za mwanzo, Desemba. Machi ni habari nyingine.

Mzee_wa_Kona:
Desemba si ndiyo harusi zenyewe?

Kanda_ya_Shingo:
Nimefungua daftari. Julai nina Jumatatu tatu hazina mtu, kijana wa kuchambua nimempata, lenzi nitakodi. Ruaha nitaivizia siku za katikati ya wiki kabla ya Krismasi, nikimpata wa kuchangia naye Land Cruiser.

Mzee wa Kona, shemeji yako nimemwambia. Kasema Noah ina siti saba, ameshahesabu watoto na mama yake.

Mama_Albamu:
Basi mchele kilo mbili hautoshi.