Silembloki za RAV4 ya Yaya Furaha (Jamaa ya Katindo, Goma, siku ya posho, njo jumamosi)

Yaya Furaha: Bonjour jamaa. Kiriki ya Papa Mukubwa, ile ya kuinua gari, iko kwa nani? Espoir anasema leo atafungua gari yangu hapa mu parsele na mie niko naogopa 😩

Papa Mukubwa: Kiriki iko kwangu. Afungue nini?

Yaya Furaha: Silembloki za mbele, zile mpira zenye chuma ndani zinashikilia miguu ya gari. Gari inapiga to to to kila shimo, nikikanyaga freni inavuta kushoto kama mbuzi ya soko. Na juzi juzi tu garaji moja ilizibadilisha, nikalipa, leo tena zimeisha

Papa Mukubwa: Goma silembloki haikai. Tangu volkano ya 2002 tunatembelea paka mawe, ya 2021 nayo ikatufungia barabara ya Rutshuru kule Buhene. Peleka garaji muachane na michezo

Espoir: Papa Mukubwa hiyo garaji njo ilifanya hii kazi. Jana nililala chini na taa ya telefone, nikasukuma triyangli, ile mkono ya chuma inashikilia pneu, na chuma ndefu, inacheza yote. Muangalie

Espoir: 📷

Espoir: Ile silembloki ya nyuma ya triyangli, mpira umeachana na chuma ya katikati, vumbi nyeusi ya mawe imejaa ndani ya mupasuko hadi kucha yangu inaingia

Ma Mudogo Nzigire: Mie naona tu uchafu

Yaya Merci (Bukavu): Habari za asubui. Espoir, mpira umepasuka muviringo, umezunguka chuma ya ndani, sivyo? Haijapondeka upande moja?

Espoir: Muviringo kabisa yaya

Yaya Merci (Bukavu): Basi musitukane mawe peke yake. Silembloki haizunguke kama rulma, ile bering ya pneu. Mpira umeshikana na chuma ya ndani na chuma ya inje, triyangli ikipanda na kushuka ni mpira njo unajikunja unarudi. Sasa fundi akikaza bulo gari ikiwa juu ya kiriki, miguu ya gari inaning'inia, ile chuma ya ndani inabanwa mu hiyo pozisyo ya kuning'inia, halafu akishusha gari mpira unabakia umejikunja hata gari ikiwa imelala. Unaendesha na mpira ambao hauna siku ya kupumzika. Batu wengi wanafanya hivyo juu bulo inafikiwa vizuri gari ikiwa juu

Yaya Furaha: Kumbe nililipa wanipasulie

Papa Mukubwa: Merci hiyo uliisomea wapi? Sisi tuliendesha Land Rover miaka yote, bulo unakaza fasi iko

Yaya Merci (Bukavu): Papa Mukubwa kwa heshima yote, ile Land Rover yenu ya zamani ilikuwa na lame, zile springi za mabamba, haikuwa na triyangli kama hii

Papa Mukubwa: Sawa endelea

Yaya Merci (Bukavu): Espoir mbele ya kununua piyesi, umeuliza bei ya triyangli nzima yenye silembloki ndani? Wakati mingine tofauti ni ndogo na unakwepa kazi yote ya kupresa. Me kama ni ile ya kopi yenye mpira laini laini, afazali silembloki za orijinali mu triyangli ya zamani

Espoir: Nilipita Birere, kwenye wanauzisha piyesi. Triyangli iko ya kopi peke yake, mpira ukiubonyeza na kidole unaingia kama chapati. Nilichukua silembloki nne, pande zote mbili

Yaya Merci (Bukavu): Vizuri, kushoto na kuume pamoja. Ukibadilisha upande moja gari itavuta tu. Kwanza angalia bulo ya mbele ya triyangli kama iko na njia ya kutoka, kuna gari zingine inagonga buati ya gia na inapashwa ushushe kidogo berso, ile chuma inabeba moteri. Jua hiyo mbele hujafungua yote

Espoir: Niliangalia, inatoka. Nilimwangia mafuta ya kutu tangu jana mangaribi

Ma Mudogo Nzigire: Espoir nani alikamata basini yangu ya kufulia

Espoir: Ma Mudogo naikopa tu, ni ya maji ya sabuni

Ma Mudogo Nzigire: Ya sabuni ya nini, ya gari??

Yaya Merci (Bukavu): 😂 ni ya kuingizia mpira Ma Mudogo. Mafuta ya moteri inavimbisha mpira, usipake hiyo. Na silembloki mpya kama kuna konjelateri, ile frigo ya barafu, laza humo usiku, chuma inapungua kidogo inaingia bila vita

Yaya Furaha: Konjelateri gani, kuran ya umeme ilienda tangu jana

Yaya Merci (Bukavu): Basi sabuni inatosha

Papa Mukubwa: Za zamani achome na moto zitatoka zenyewe

Yaya Merci (Bukavu): Hapana papa. Moshi ya ule mpira ni sumu, batoto bako hapo mu parsele, na moto utaunguza kapa ya rotili, ile kiungo ya triyangli na pneu. Chukua bulo ndefu na rondeli nene, upande moja weka kipande ya bomba chenye silembloki inapita ndani, upande wa pili duyi, ile kichwa ya ufunguo, yenye kulingana na chuma ya INJE. Unakaza pole pole inajivuta. Ikigoma kabisa toa mpira, kata ile chuma ya inje kwa ndani na musumeno ya chuma, ukaribie tu kumaliza, usikwaruze triyangli

Yaya Merci (Bukavu): Na kabla ya kutoa ya nyuma piga picha. Iko na matundu mbili kwenye mpira, zinapashwa kuangalia fasi moja na za zamani. Ukiigeuza, gari itakuwa na tabia mbaya na hutajua sababu

Espoir: Nilishaweka alama na rangi ya kucha ya Yaya Furaha

Yaya Furaha: WEEE

Papa Mukubwa: Na gari umeweka juu ya nini?

Espoir: 📷

Yaya Merci (Bukavu): Espoir. Ile ni jiwe

Espoir: Ni kubwa yaya, gari haitikisike

Yaya Merci (Bukavu): Toka chini. Jiwe ya volkano iko na matundu ndani kama mkate, inabeba inabeba kisha inapasuka mara moja bila kukuambia. Mawe weka nyuma ya pneu gari isitembee, hiyo kazi inajua. Chini ya gari tafuta shandeli mbili, zile miguu ya chuma za kubeba gari, na chini ya shandeli ubao juu hapo kwenu ni changarawe tupu. Hadi upate usiingie

Ma Mudogo Nzigire: Espoir umesikia? Niko nakuangalia mu dirisha

Papa Mukubwa: Shandeli niko nazo. Nakuja nazo mwenyewe

*(saa tisa)*

Espoir: Ya kushoto imeingia 💪 ile ya zamani ilitoka na mlio, Papa Mukubwa aliruka akamwanga chai

Papa Mukubwa: Sikuruka

Espoir: Sasa nimerudisha triyangli, rotili nimekaza na gupiye mpya, ile pini ya kufunga bulo, nimeweka. Bulo mbili za silembloki nikaze sasa?

Yaya Merci (Bukavu): Zifike tu, usikaze. Rudisha pneu, shusha gari chini, sukuma mbele na nyuma kidogo, bonyeza bonyeza kapo ya mbele mara kadhaa ikae vile inakaaga. Hapo njo unakaza kabisa

Espoir: Ikiwa chini mkono hauingie yaya, ni karibu sana

Yaya Merci (Bukavu): Pandisha pneu zote nne juu ya mbao nene, uzito ubakie juu ya pneu. Ao acha gari juu ya shandeli, kiriki iweke chini ya triyangli karibu na rotili, pandisha hadi gari ianze kuachana na shandeli, me isiachane. Ni karibu sawa na kuwa chini. Papa Mukubwa akae kwa kiriki

Papa Mukubwa: Niko hapa

*(saa kumi na mbili)*

Espoir: Pande zote zimekazwa. Tulizunguka hadi kwa mulango wa kanisa, to to to imeisha

Yaya Furaha: Kweli hata mie nilikuwa ndani, kimya! Lakini direksyo iko imegeuka kidogo, nikienda sawasawa volan inaangalia kuume

Yaya Merci (Bukavu): Hiyo ni paralelismi, vile pneu zinaangalia mbele sawasawa, ukigusa triyangli inapashwa ipimwe. Usiache, itakula pneu. Pneu ya kushoto angalia upande wa ndani, naamini ilishalika

Espoir: Imelika kabisa, nyuzi ziko karibu kuonekana

Yaya Merci (Bukavu): Hiyo usiirudishe mbele, hata nyuma mie singeiweka. Na kisha siku kadhaa pitisha tena ufunguo ku bulo zote

Yaya Furaha: Kesho kutwa ndoa ya Ndosho, naenda nayo?

Yaya Merci (Bukavu): Paralelismi na pneu kwanza, halafu ndoa

Yaya Furaha: Sawa, lundi asubui saa mbili. Espoir unanisindikiza, juu mie wakianza kuniambia mambo ya dolari siwezi kubishana

Espoir: Nakuja. Ma Mudogo basini niirudishe wapi?

Ma Mudogo Nzigire: Ibakie kwako, uninunulie ingine