Mrejesho: rangi iliyokuwa ikibanduka kwenye kibao cha bati

Wakuu, niliuliza kwa nini rangi ya mafuta kwenye kibao cha kinyozi, bati jipya, inabanduka kama ngozi pamoja na herufi zake. Mliosema tatizo ni bati, si rangi, mlikuwa sahihi. Bati jipya lina zinki, yaani tabaka jembamba la metali linalozuia kutu. Rangi ya mafuta ikikaa moja kwa moja juu yake, taratibu hujengeka utando kama wa sabuni katikati. Hapo hata koti tatu zitabanduka kwa pamoja.

Rangi yote imekwanguliwa. Bati limeoshwa kwa sabuni kutoa mafuta ya kiwandani, likapanguswa na siki, likasuuzwa, likakauka kabisa. Kisha msasa namba 180, kwa mkono mwepesi sana, maana ukimaliza zinki umeikaribisha kutu. Ikafuata praima ya mabati (rangi ya msingi ya kushikisha zinazofuata), halafu koti mbili za rangi ya mafuta, kila moja ikipewa siku nzima kukauka.

Ushauri wa herufi nao umesaidia mno: O na S zipite kidogo mistari ya chaki ya kupangia herufi, juu na chini, la sivyo zinaonekana ndogo kuliko jirani zake. Tapentaini ya kuzimulia rangi iwe matone tu. Ikizidi, rangi inachuruzika na kupoteza uzito.

Baada ya wiki nimechana alama ya msalaba kwa wembe pembeni, nikabandika selotepu na kuivuta kwa nguvu. Haikutoka na chembe ya rangi. Asanteni sana.